Mlinzi Aliyeondoka na Funguo

Nilimfuta mwenyewe, kwa kidole changu,
Jumatatu, kabla duka halijachangamka.
Leseni yake ilikwisha tangu msimu wa maembe,
naye kila dakika tano ananirukia kiooni:
lipa, uko hatarini, lipa.
Nikasema, hatari ninayoijua mimi ni kodi ya fremu.
Akauliza: una uhakika?
Nikabonyeza ndiyo
kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mchicha.

Kisha kimya.
Simu inapata. Ruta inawaka taa zote nne, kijani tupu.
Kompyuta peke yake imenuna.
Na nje, kwenye benchi, hapa Isevya,
wanafunzi kumi na mmoja wamekumbatia bahasha,
vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti,
na mmoja, Kalunde, katoka Sikonge na gari la alfajiri
kuomba mkopo wa chuo.
Maombi yanafungwa saa sita usiku.

Nilifanya yote ayafanyayo asiyejua.
Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka.
Nikazima, nikawasha.
Nikaipandisha ruta juu ya kabati
kana kwamba mtandao ni kuku, hutaka kulala juu.

Nikampigia Mihayo.
Mihayo yuko VETA, mwaka wa pili;
alikuja na baiskeli ya dada yake,
kikapuni bisibisi na nusu muwa.
Hakuniuliza nimefanya nini.
Aliuliza nimefuta nini,
nikaona haya, kama nimeulizwa nimezika nani.

"Umebomoa ukuta, mama, ukasahau mlango.
Mlango umebaki umesimama katikati ya uwanja,
umekomewa.
Kila kinachotaka kutoka bado kinakwenda pale kupiga hodi,
na wa kuitikia hayupo."

Ndipo nikamkumbuka Kapela.

Kapela aliilinda fremu hii miaka minne,
rungu, koti la jeshi lisilo na vifungo, redio ya mkulima.
Mwezi wa tatu nikamwambia sina tena cha kukulipa.
Hakugomba. Alikunja blanketi.
Asubuhi nikakuta geti na kufuli lake,
na funguo ziko ndani ya treni, mfukoni mwa mtu,
zinaelekea Kaliua kwa shemeji.
Nilikata kufuli kwa msumeno mpaka adhuhuri
na kila mkato nilimtukana.
Lakini mimi sikumwomba funguo.
Nilimwambia nenda, basi.

Mihayo akafungua kurasa nisizozijua,
akashuka, akashuka, mpaka kwenye kadi ya mtandao.
Hapo palikuwa na orodha, na katika orodha
jina la marehemu,
dogo, na alama ya vema ubavuni,
bado liko zamu.
Akaiondoa vema.
Akafungua dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja
wa kuirudisha njia kama ilivyokuwa siku mashine inatoka boksini.
Akauamsha ukuta mdogo uliokuja na mashine yenyewe:
"Usilale wazi, mama."
Akazima.
Tukagawana muwa, tunatema makapi kwenye ndoo,
macho kwenye kioo.

Ikawaka. Na ule mduara mjinga ukaacha kuzunguka.
Sikupiga kelele; benchi ndiyo ilipiga.
Kalunde aliingia wa kwanza, akasahau namba yake ya mtihani,
akaisoma kwenye kiganja, wino umeloa jasho,
saba au moja? Tukajaribu zote mbili.
Wa kumi na mmoja alimaliza saa nne na nusu usiku.

Mihayo alikataa elfu kumi, akachukua tano,
akaomba nimchapie na barua ya mafunzo kazini.

Nilipobaki peke yangu
nikaitafuta namba ya Kapela. Ilikuwepo,
chini ya K, baada ya Kadi, kabla ya Karatasi.
Nikamtumia elfu ishirini na maneno mawili: za Machi.
Nilikwishavuta geti, naliegesha na tofali,
simu ikalia.

Zimefika, bosi.
Funguo zako ninazo, nimezifunga kwenye kitambaa zisishike kutu.
Nizilete, au kufuli umebadilisha?